Mwanagenzi Aruhusiwe Kuuliza: Funzo Kutoka Viungo vya Chuma

Kila mwaka vyuo vikuu vyetu vinapofungwa kwa likizo ndefu, wanafunzi wa uhandisi huonekana wakitoka lango la kiwanda kimoja kuelekea la kingine, bahasha za kaki mkononi, wakisaka mahali pa kufanyia mafunzo ya nyanjani. Wapo wanaozunguka Eneo la Viwandani jijini Nairobi kwa majuma mazima kabla ya kumpata bawabu mwenye huruma. Anayebahatika hupewa kofia ngumu, hutia sahihi karatasi za bima, kisha aghalabu hukabidhiwa birika la chai.

Mimi si mhandisi. Kazi yangu ni isimu, na riziki yangu naipata kwa kuwafunza vijana namna lugha inavyojengwa na inavyobomoka. Lakini wenzangu wa kitivo cha uhandisi wana desturi ya kuniletea ripoti za wanafunzi wao ili niwasaidie kuzinyosha lugha, na kwa njia hiyo nimesoma ripoti nyingi za mafunzo ya nyanjani na tasnifu nyingi za mwaka wa mwisho, hasa za wale wanaojifunza kusanifu majengo ya chuma cha pua. Jambo la kwanza lililonigusa ni la kisarufi. Ripoti hizo zimeandikwa takriban zote katika kauli ya kutendwa. Mwanafunzi alipelekwa idara ya michoro. Alionyeshwa mashine ya kukatia mabamba. Nguzo zilisimamishwa. Mengi yalifunzwa. Ukimaliza kurasa 40 za namna hiyo hujui kama huyo mwandishi alikuwa na macho, sembuse maoni.

Katika rundo moja la ripoti hizo, miaka kadhaa iliyopita, nilikutana na sentensi iliyonizuia kuendelea. Mwandishi alikuwa binti wa mwaka wa nne aliyekuwa amejishikiza kwa kampuni moja inayounda na kusimamisha maghala ya chuma. Kampuni hiyo sitaitaja. Katikati ya maelezo makavu aliandika kwamba ilionekana kuwa nguzo zilisimamishwa kwa bolti mbili mbili, ingawa mchoro ulionyesha nne. Basi. Sentensi iliyofuata ilihusu upakaji rangi.

Nilimwita ofisini. "Ilionekana na nani?" nikamwuliza.

Akatabasamu kwa haya. "Na mimi, mwalimu."

"Ukamwuliza mtu?"

"Nilimwuliza msimamizi wangu. Akaniambia nimekuja kujifunza, sikuja kuuliza."

Jibu hilo ndilo lililonitia kalamu mkononi, na halijaniacha tangu siku hiyo. Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Ni lini basi kujifunza na kuuliza vilipewa talaka, kila kimoja kikaenda kwao?

Ili tuuone uzito wa swali la binti huyo, hatuna budi kuifahamu kidogo tabia ya chuma. Chuma cha kawaida cha ujenzi, kile ambacho vitabu vya wahandisi hukiita S275, huhimili takriban nyutoni 275 kwa kila milimita mraba kabla hakijaanza kunyumbuka pasi na kurejea hali yake. Kwa lugha ya sokoni, kipande chenye unene wa sentimita moja kwa moja chaweza kuning'iniza karibu tani 2.8. Tena chuma kina adabu: hakivunjiki ghafla kama kioo, bali hurefuka kwanza na kumpa mwenye macho nafasi ya kukimbia.

Hata hivyo, nguvu hiyo ni ya kipande kinachovutwa. Nguzo haivutwi, hukandamizwa. Nguzo ndefu na nyembamba hupinda kwa upande kabla chuma chenyewe hakijaishiwa na nguvu, kama ufito unaoegemewa na mzee. Mwanahisabati Leonhard Euler alilieleza jambo hilo mwaka 1744, na kanuni yake ingali inafunzwa: ukiongeza urefu wa nguzo maradufu, mzigo inaoweza kuubeba kabla ya kupinda hushuka hadi robo. La ajabu zaidi ni kwamba urefu unaohesabiwa si ule wa futi kamba peke yake. Hutegemea jinsi nguzo ilivyoshikwa kwenye ncha zake. Nguzo iliyokamatwa barabara chini, ilhali kichwa chake ki huru, huhesabiwa kama nguzo yenye urefu mara mbili ya ile iliyozuiwa juu na chini.

Sasa turudi kwa zile bolti. Ghala likikamilika, vichwa vya nguzo vimeshikwa na boriti na mapaa, na huenda bolti mbili chini zikatosha. Lakini siku ya kusimamisha, nguzo husimama peke yake, kichwa kikielea hewani, nacho kitako kikiwa kimeshikiliwa na bolti mbili zilizopangwa katika mstari mmoja. Nguzo ya namna hiyo ina bawaba kama mlango. Na juu yake kuna fundi anayepanda kwenda kuipokea boriti. Kwa ajili hiyo, kanuni za usalama wa kazi zilizotangazwa nchini Marekani mwaka 2001 zinataka kila nguzo ya jengo la chuma ifungwe kwa bolti zisizopungua nne. Hesabu nyingi za darasani huanzia pale ambapo jengo limekwisha kukamilika. Binti yetu alikuwa ameliona jengo katika siku yake ya udhaifu, jambo ambalo mhadhiri wake hakuliona na mchoro haukulionyesha.

Huenda msomaji akasema: swali la mwanafunzi lina uzito gani mbele ya wahandisi waliobobea? Na tusafiri kidogo, twende New York.

Mwaka 1977 lilikamilishwa katika jiji hilo jengo la benki lililoitwa Citicorp Center, lenye ghorofa 59 na kimo cha mita 279. Kwa kuwa pembe moja ya kiwanja ilikuwa na kanisa ambalo halikukubali kuondoka mahali pake, mhandisi William LeMessurier alilisimamisha jengo juu ya nguzo kubwa zilizowekwa katikati ya kila upande badala ya kwenye pembe. Lilisifiwa sana. Mwaka uliofuata LeMessurier alipata habari kwamba kuna mwanafunzi anayeuliza juu ya nguzo hizo. Alimweleza kwamba zimekaa mahali panapostahili, kisha, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Harvard, akaona jambo hilo lingefaa kuwa somo kwa wanafunzi wake. Akaketi kupiga hesabu upya.

Kanuni za ujenzi za jiji wakati huo zilitaka hesabu ya upepo unaopiga ubavu wa jengo moja kwa moja. LeMessurier safari hii alipima upepo unaokuja kwa pembe na kupiga mbavu mbili kwa pamoja. Akagundua kwamba baadhi ya vyuma vya mshazari vingebeba mzigo uliozidi kwa asilimia 40. Hilo peke yake lisingemtisha. Lililomtisha ni habari aliyokuwa ameipata muda mfupi kabla: viungo ambavyo yeye alikuwa amevisanifu vilehemiwe, vilikuwa vimefungwa kwa bolti ili kupunguza gharama, na ofisi yake ilikuwa imekubali bila yeye kujua. Alipoingiza bolti hizo katika hesabu, ongezeko la mzigo viungoni likafika asilimia 160.

Kuanzia Agosti 1978, usiku baada ya usiku, watumishi wa benki wakiwa wamekwenda nyumbani, mafundi waliingia na kulehemu mabamba ya chuma yenye unene wa takriban sentimita 5 juu ya viungo zaidi ya 200. Umma haukuambiwa hadi mwaka 1995, gazeti la The New Yorker lilipokichapisha kisa hicho. Baadaye walitokea wataalamu waliopiga hesabu tena na kusema kwamba huenda hatari haikuwa kubwa kiasi hicho. Na iwe hivyo. Linalotuhusu hapa ni chanzo cha uchunguzi. LeMessurier hakulikumbuka jina la mwanafunzi aliyeuliza. Wengi humtaja Diane Hartley, ambaye mwaka 1978 alikuwa akiandika tasnifu yake ya shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Princeton kuhusu jengo hilohilo, na aliyeiuliza ofisi ya wahandisi juu ya upepo wa pembeni akajibiwa kwamba jengo ni salama. Yupo na mwanafunzi mwingine aliyejitokeza kusema kwamba ni yeye. Tazama basi: jengo la ghorofa 59 lilipata tiba kwa sababu ya swali, na mwenye swali hakuandikwa jina. Wazee wetu walikwisha kulisema hili kwa maneno manne: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kisa cha pili hakina mwisho mwema, na mimi kama mwanaisimu ndicho kinachoniuma zaidi. Katika hoteli moja ya Kansas City, nchini Marekani, vijia viwili vya kupitia watu vilikuwa vimening'inizwa ukumbini kwa fito za chuma, kimoja juu ya kingine. Mchoro wa kwanza ulionyesha ufito mmoja mrefu ukitoka darini, ukipita kijia cha juu na kukishikilia kile cha chini. Waliounda vyuma wakaona taabu kuutia hesi ufito mrefu namna ile, wakapendekeza fito mbili fupi: kijia cha juu kining'inie darini, na cha chini kining'inie kwenye kile cha juu. Karatasini mabadiliko hayo yalikuwa kama nukta. Lakini fikiria watu wawili walioshika kamba moja, kila mmoja kwa mikono yake. Kisha fikiria yule wa chini akiiachilia kamba na kumshika mwenzake miguu. Nati iliyokibeba kijia cha juu ilitwishwa mzigo maradufu. Julai 17, 1981, ukumbi ukiwa umejaa watu waliokuja kucheza dansi, vijia vilianguka na kuwaua watu 114.

Uchunguzi ulionyesha kwamba hata mchoro wa kwanza haukufikia kiwango kilichotakiwa na sheria. Lakini ulionyesha pia kwamba kati ya ofisi ya wasanifu na karakana hapakuwa na mazungumzo ya kweli. Kila upande ulidhani upande wa pili umehesabu. Muhuri ulipigwa, swali halikuulizwa. Chuma hakikukosa nguvu. Kilichokosekana ni sentensi moja: je, nani aliyekihesabu kiungo hiki?

Ndiyo maana nasema kwamba majengo ya chuma, kama lugha, nguvu yake imo viungoni. Boriti hutoka kiwandani ikiwa imepimwa. Kiungo hufungwa na binadamu juu ya ngazi, juani, mvua ikikaribia. Nayo elimu ya uhandisi ina kiungo chake, kile kinachounganisha darasa na karakana. Kiungo hicho ndicho mwanagenzi. Tukikifunga kwa bolti mbili pale palipotakiwa nne, tusishangae kikinepa.

Tuone sasa tunavyokifunga hapa kwetu. Mwajiri humwona mwanagenzi kuwa mzigo wa majuma 12, mtu atakayeondoka mara tu atakapoanza kufaa. Mhadhiri anayemsimamia humtembelea mara moja, hutia sahihi kitabu cha kumbukumbu, hunywa soda, huondoka. Mwanafunzi mwenyewe hutaka barua yenye muhuri. Kisha mwaka wa mwisho hufika, na tasnifu huandikwa kana kwamba miezi ile ya nyanjani haikuwako. Mwanafunzi huenda maktabani, huteremsha kazi za waliomtangulia, na kusanifu tena ghala lililokwisha kusanifiwa mara kumi, akibadilisha urefu na upana. Hesabu ni sahihi. Jalada ni zuri. Swali hakuna.

Fauka ya hayo, kuna ukuta wa lugha. Darasani kijana hufundishwa kila kitu kwa Kiingereza. Karakanani kazi husemwa kwa Kiswahili. Nimewahi kumwona mwanafunzi hodari aliyeweza kuandika milinganyo ya mkazo bila kutazama kitabu, lakini fundi alipomwagiza amletee timazi akarudi na pimamaji. Mafundi walicheka, naye akanyamaza hadi jioni. Kicheko kile si kitu kidogo. Kijana anayeogopa kuchekwa hatauliza, na asiyeuliza hatajua kwamba fundi yule, asiye na cheti, anaweza kukutambulishia kiungo kilicholehemiwa vibaya kwa sauti yake tu anapokigonga kwa nyundo. Mwanafunzi anajua kwamba ulehemu wa pembeni wenye mguu wa milimita 6 una koo la takriban milimita 4.2, na kwamba koo ndilo libebalo mzigo. Fundi anajua ni kwa nini saa kumi jioni, mkono ukiwa umechoka, koo hilo hupungua. Maarifa haya mawili yanahitajiana kama kinu na mchi, lakini yanakaa nyumba mbalimbali.

Nifanyeje, mimi nisiye mhandisi? Nitapendekeza mambo matatu yasiyohitaji bajeti ya serikali.

Kwanza, kitabu cha kumbukumbu cha mwanagenzi kiwe na ukurasa wa maswali kila juma, na maswali hayo yaandikwe katika nafsi ya kwanza: niliona, nilishangaa, nilimwuliza, nikajibiwa. Msimamizi wa kiwandani na yule wa chuoni wote watie sahihi chini ya ukurasa huo, si chini ya orodha ya mashine pekee. Mwanafunzi aliyekaa majuma 12 asiwe na swali hata moja ahesabiwe kuwa hakwenda.

Pili, tasnifu ya mwaka wa mwisho ichimbuke katika ukurasa huo. Mada hazitakosekana. Kijana apime unene wa koo za ulehemu katika karakana tatu na kuulinganisha na michoro. Achukue vipande vya chuma kinachouzwa mitaani, avivute kwa mashine ya maabara, aone kama vinatimiza nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi ya mauzo. Ahesabu hali ya ghala katika siku ya pili ya kusimamishwa badala ya siku ya kuzinduliwa. Kazi kama hizo haziwezi kunakiliwa kutoka rafuni, kwa sababu bado hazimo rafuni.

Tatu, kila tasnifu iwe na ukurasa mmoja wa Kiswahili fasaha na chepesi, urejeshwe mahali swali lilipotoka, usomwe na mafundi. Hilo si pambo. Mtu hajui jambo sawasawa mpaka aweze kumweleza aliye na haki ya kumpinga.

Najua kuna waajiri watakaosema kwamba hawana muda wa kujibu maswali ya watoto. Nawaheshimu, kazi yao ina tarehe na faini. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, na jicho la mgeni huuona ufa ambao mwenyeji ameuzoea hata akaupaka rangi. Jicho hilo wanaletewa mlangoni kwa gharama ndogo, likiwa na bahasha ya kaki.

Yule binti je? Msimamizi wake wa chuoni alikubali aifanye sentensi ile kuwa tasnifu. Alihesabu upepo juu ya nguzo moja iliyosimama peke yake, mara ikiwa na bolti mbili, mara nne. Nilimsaidia kuandika ukurasa wa Kiswahili, naye akaupeleka karakanani kwa mzee aliyekuwa kiongozi wa mafundi wa kusimamisha. Alirudi akiwa ameishika karatasi hiyohiyo, imechafuka kwa alama za vidole vyenye grisi.

"Amesemaje?" nikamwuliza.

"Amesema, binti yangu, hesabu yako ni kweli, lakini umeuliza nusu. Bolti nne zipo. Wanaomwaga zege huziweka kombo, mashimo ya bamba hayakutani nazo, ndiyo maana tunafunga zile mbili zinazoingia. Kawaulize wa zege."

Nilipoisoma ripoti yake ya mwisho niliona kwamba ameongeza sura nzima juu ya namna ya kuzishikilia bolti za msingi kwa kiolezo cha mbao kabla zege halijamwagwa. Sura hiyo ilianza kwa neno moja ambalo sikuligusa kwa kalamu yangu nyekundu: Niliuliza.